Hoja ya Dada kwa Mwandiko Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimerudishiwa insha yangu ya kwanza. Alama thelathini na moja kwa mia! Mimi! Mnadi wa samani niliyewahi kumuuzia mtu kitanda, kisha nikamuuzia kingine jirani aliyekuja kumsaidia kukibeba. Mji mzima unaniita Kipaza, na kipaza sauti chenyewe sijawahi kukishika. Cha nini?

Mwalimu wetu wa uandishi wa insha ni binti wa rika la kitinda mimba wangu. Mpole. Sauti ndogo, kalamu nyekundu. Pembeni mwa aya zangu kaandika "Nani kasema?" Nimehesabu, mara tisa. Nikamfuata kumweleza kwamba nimesema mimi. Akanijibu basi hapo ndipo penye tatizo, mzee wangu. Mwishoni nilikuwa nimefunga kwa kishindo: "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Imekwenda!" Akauliza kama hilo ndilo hitimisho. Nikamwambia kazini kwangu hakuna hitimisho linalolizidi hilo.

Shule niliiacha darasa la saba. Chuo kimenipokea kwa uzoefu wa kazi, na sikuja kutafuta cheti cha kutundika ukutani. Nimekuja kutafuta silaha. Jumapili ya tarehe kumi na sita ukoo unakaa kikao kuamua Mama aishi wapi. Dada yangu mkubwa, muuguzi mstaafu, anataka Mama ahame nyumbani kwake akaishi naye. Mimi nasema Mama habanduki. Tabu ni kwamba Dada husema maneno machache na kila mara hushinda. Miaka hamsini na mitatu ananishinda! Safari hii atanikuta na karatasi.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu alitaka ushahidi. Nimeupata wa kujaza gunia. Jana nilizunguka mnadani na daftari: nani anakubali kwamba mama mzazi asihamishwe kwake? Saini arobaini na mbili! Muuza magodoro katia mbili, moja kwa mkono wa kushoto. Mwingine alitia akidhani anaandikishwa kununua kabati. Sikutaka kumvunja moyo.

Mwalimu akapitia kurasa zote tatu bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akauliza ni wangapi kati ya hao wamewahi kumwona mama yangu. Watatu, nikasema. Akasema basi hiyo ni hadhara, si ushahidi.

Nyuma yangu Kalamu Tatu akacheka kwa pua. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu, karani mstaafu wa mahakama, mwenye kalamu ya buluu, nyeusi na kijani mfukoni, kila moja na kazi yake. Kapata sabini. Insha yake ilihusu mifereji ya maji machafu. Sabini kwa mifereji!

Ijumaa, 7 Machi

Kila Ijumaa nakula mchana kwa Mama. Leo nilikwenda na daftari, maana mwalimu kasema ushahidi mzuri ni ule uliouona kwa macho yako ukauandika papo hapo. Nikaandika.

Kwanza, nyumba ni ya Mama tangu mimi nabebwa mgongoni. Pili, mlango wa jikoni una alama za penseli za vimo vyetu, yangu chini ya ya Dada kila mwaka (hili sitalisoma kikaoni). Tatu, Mama hayuko peke yake, kazungukwa na vitu. Hapa niwe mkweli, kwa kuwa shajara haina kalamu nyekundu: vitu vyenyewe ni vyangu. Makabati manne, viti kumi na vinne, sofa mbili, na meza ya kioo iliyokaa koridoni ikimsubiri mteja mwenye macho. Nimeviweka kwa muda. Muda wenyewe sasa una miaka sita.

Nne, afya. Mama anatembea nyumba nzima! Kutoka jikoni hadi sebuleni anagusa kiti hiki, anagusa kile, anashika bega la sofa, utadhani mkuu wa majeshi anakagua gwaride. Nimeandika hivyo hivyo. Nikamwuliza kama ana raha hapa. Akasema yeye hana neno, baba, nile chakula kinapoa. Nikanukuu. Ushahidi mtupu!

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Mwalimu katoa kazi mpya. Kila mtu aandike upande ule asiokubaliana nao. Si kuukejeli. Auandike mpaka mwenye upande huo asome na kusema naam, hivyo ndivyo ninavyofikiri. Na atie saini chini! Bila saini, sifuri.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza tangu lini mpiganaji akamnolea adui panga. Mwalimu akajibu taratibu kwamba kama sijui mwenzangu anafikiri nini, basi ninayepigana naye ni mtu niliyemtunga mwenyewe, na mtu wa kutunga hata kumshinda si kazi. Nikateremsha mkono, mashahidi wapo.

Neno hilo limenifuata njia nzima. Dada ninayebishana naye kichwani ana sauti kali na mikono kiunoni. Namshinda kila siku nikinyoa ndevu. Sasa nikikumbuka vizuri, hajawahi kumaliza sentensi.

Jumanne, 11 Machi

Mpango! Upande wa Dada nimeuandika kwa dakika kumi: anamtaka Mama kwa sababu anapenda kuamrisha watu, na tangu astaafu hana wagonjwa wa kuwaamrisha. Ukurasa mmoja, safi. Imebaki saini tu. Nikamfuata Kalamu Tatu kantini, nikamwagizia chai, nikaisifu mifereji yake, kisha nikamwomba anitilie saini ya Dada. Rangi achague mwenyewe.

Akaweka kikombe chini. Akasema miaka thelathini ameshuhudia watu wakitia saini, na ya kughushi anaijua hata kabla haijatoka kwenye kalamu. Tena akasema, na hili limenikera, kwamba kwa anavyoniona, mwalimu simwogopi hata kidogo, ninayemwogopa ni dada yangu. Kisha chai akainywa yote. Na andazi langu pia.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Dada. Nilimkuta anaanika mashuka, pembe kwa pembe, kama bado yuko wodini. Ukurasa wangu akausoma amesimama, akanirudishia. Akasema huyo mwanamke aliyeandikwa humo hamjui, ila akimwona njiani atavuka barabara. Saini hakutia.

Nikafungua daftari. Nikamwambia haya, aseme yeye, mimi nitaandika tu. Nilikusudia kumkatiza. Haki ya Mungu nilikusudia. Lakini kumbe mkono ukiwa unaandika mdomo unakosa nafasi. Hilo sikulijua, kwa kuwa sikuwahi kujaribu.

Akasema Mama ameanguka mara mbili tangu mwaka uanze. Nikauliza wapi. Koridoni. Nikauliza kwa nini. Akanitazama, akaanza kukunja shuka ambalo hata halijakauka. Akasema pale pana meza ya kioo, mwanga ukififia haionekani, na miguu yake imetokeza. Goti la kushoto la Mama lina kovu. Mama alimwapisha asiniambie, kwa sababu ningeumia, na kwa sababu meza ni nzuri, mteja atakuja tu.

Akasema pia kwamba yeye hana haja ya kumtawala mtu. Anachotaka ni kwamba akisikia kishindo chumba cha pili, aweze kufika. Basi. Hiyo ndiyo hoja yake yote. Na mimi miaka yote nilidhani anazo kumi, zote dhidi yangu.

Nikaandika. Akasoma. Akasema mdogo wangu, kumbe unaweza kusikia. Akatia saini. Kisha akanifuta wino shavuni kwa ncha ya shuka safi, yeye ambaye mashuka yake hata nzi anaomba ruhusa kutua.

Ijumaa, 14 Machi

Sabini na nane! Kalamu Tatu, sabini na tano! "Nani kasema?" haimo hata moja. Mwalimu kaandika chini: "Huyu dada nimemwona." Nilitaka kunadi alama zangu chuo kizima. Badala yake nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Nikaenda kula kwa Mama. Nikamwomba nilione goti. Akasema huyo dada yako ana mdomo. Akanionyesha. Nikaitoa meza ya kioo koridoni, nikaipeleka uani, nikaifunika turubai. Mama akanipa pole. Akasema anajua nilivyokuwa naipenda. Kaanguka yeye, pole napewa mimi! Nilikula kidogo, sahani mbili tu.

Lakini kikao ni keshokutwa, na insha yangu mwenyewe iko tayari. Kurasa sita, na saini arobaini na mbili kwa nyuma. Mtu hachani kurasa sita hivi hivi.

Jumapili, 16 Machi

Kikao kilikaa sebuleni kwa Mama, wajomba na mashangazi wamekalia viti vyangu kumi na vinne. Nikaanza kwa kuwaambia hata hilo ni hoja. Nikasoma. Nyumba. Mlango wa jikoni. Hapo shangazi akafuta machozi, nami nikapandisha sauti, nilikuwa naelea! Nikaingia aya ya afya. "Mama anatembea nyumba nzima, anagusa kiti hiki, anagusa kile..."

Nikakwama.

Nikaona nilichokuwa nimekiandika. Gwaride gani? Alikuwa anashikilia vitu ili asianguke, na mwanawe mimi nimekaa pale na kalamu, namnukuu.

Mjomba akasema Kipaza kaishiwa betri. Aliyeniokoa ni Mama. Akasema amesikia ninayo karatasi nyingine, ile waliyoisifu chuoni, si niisome hiyo. Nikaisoma. Ni fupi, ukurasa na nusu. Haina mara ya kwanza wala mara ya tatu. Nilipomaliza, Mama akautazama mlango wa jikoni muda mrefu sana. Kisha akasema haya, atakwenda. Ila na mlango wake anakwenda nao.

Dada alisogea kidogo kwenye sofa, nikapata pa kukaa.

Jumatano, 19 Machi

Mama amehamia. Mlango nimeung'oa mwenyewe, bawaba tatu, bila kuukwaruza. Kalamu Tatu alinisaidia kuubeba, njia nzima akinieleza nilivyoshika vibaya. Sasa umesimamishwa chumbani kwa Mama, kando ya kitanda, alama za penseli zikimtazama. Dada alipita akajipima. Amefupika! Karibu namfikia.

Nimetafakari kwa kina matokeo ya kikao. Karatasi gani ilishinda? Ile ya ukurasa na nusu. Mwandiko wa nani? Wangu. Alama sabini na nane za nani? Zangu. Dada alitia saini tu, kama shahidi. Kwa hiyo, baada ya miaka hamsini na mitatu, nimemshinda Dada. Sijamwambia. Ana furaha, nisimharibie.

Limebaki jambo moja dogo. Nyumba ya Mama inaingia mpangaji, na vitu vyangu havina pa kwenda. Dada alipokuwa anachemsha chai nilipima korido yake kwa hatua. Hatua kumi na moja, tupu kabisa! Korido tupu ya kazi gani?

Nimeanza insha mpya. Dai kuu: korido ya Dada inahitaji kabati moja, dogo, kwa muda. Hoja pinzani nimeiweka mapema, kwa heshima zote, kama tulivyofundishwa. Ushahidi: Mama kazoea kuwa na kitu cha kushika akipita. Saini ya kwanza nimeshaipata, ya Mama mwenyewe. Aliitia akicheka, akauliza na ile meza ya kioo je, bado haijapata mteja?

Nikamwambia yuko njiani.