Mkate Nimeuacha, Chumvi Haijaniacha

Jumatatu, 13 Mei

Wiki nzima bila mkate! Bila tambi, bila viazi, bila hata kijiko cha jamu ya maziwa. Nyama, mayai, jibini na majani tu. Mkanda umeingia tundu jipya. Nimejitazama kiooni kwa ubavu. Elbio Techera, mwanamume wa haja.

Jioni nikatangaza klabuni. Wilmar, kaka wa mke wangu Nibia, akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji, sahani utaipangusa na nini sasa? Kidole?" Nikaapa mbele ya wote: nikila chembe ya mkate kabla ya sikukuu ya klabu Jumapili, koleo za jiko la kuchomea nyama hapo klabuni ni zake. Nimezishika mimi tangu baba yao alipofariki. Wilmar anazitamani kama paka anavyotamani samaki. Atatamani sana.

Jumanne, 14 Mei

Kichwa kinagonga. Alfajiri mguu ulikaza, nikapiga yowe, Nibia akadhani wezi. Nilipoinuka kitini, jiko zima likazunguka. Nibia kasema ni njaa. Nimemwambia ni mwili unatupa uchafu wake.

Nikaenda duka la dawa. Mirtha muuzaji akanieleza vizuri: ukiacha vyakula vya wanga, mwili humwaga maji, na maji huondoka na chumvi. Ndipo kizunguzungu. Kikombe cha supu yenye chumvi kidogo husaidia. Akaongeza kwamba mtu wa presha kama mimi asijiamulie, amwone daktari kwanza. Hayo ya mwisho aliyasema nikiwa nimeshafika mlangoni. Sidhani yalinihusu.

Jumatano, 15 Mei

Supu imefanya kazi! Kikombe kimoja, kichwa kikatulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikafikiri kisomi: ikiwa kidogo kimenifaa hivi, kingi je?

Kikwazo ni Nibia. Tangu niandikiwe vidonge vya presha, chumvi kaificha. Mikahawani nako haiwekwi mezani, amri ya jiji, mpaka uombe. Mimi siombi.

Lakini klabuni kuna gunia zima la chumvi ya mawe ya kuchomea nyama, na ufunguo wa stoo ninao mimi! Nikajaza mfuko wa koti. Kiganja kizima nikakitia kwenye themosi ya maji ya chai. Nani atajua? Montevideo nzima hutembea na themosi kwapani.

Nilisahau jambo moja. Chai yetu chungu hunywewa kwa zamu, kibuyu kimoja, mrija mmoja. Wilmar akanyoosha mkono. Kumnyima ni tusi. Nikampa. Akavuta, macho yakamtoka, akatema yote juu ya karata. "Elbio! Maji umechota baharini?" Nikasema ni majani mapya, ya watu wenye ulimi uliosoma. Wawili wakaomba kuonja. Heshima imebaki.

Ijumaa, 17 Mei

Viatu haviingii. Vifundo vimevimba kama maandazi. Mkanda umerudi tundu la zamani, kisha ukapita. Nakunywa maji, kiu haiishi. Wazee husema aliyekula chumvi nyingi ameona mengi. Nimekula ya mwezi kwa siku mbili, na nilichoona ni nyota tu.

Nibia alinikuta nimeshika ukuta. Akaniburuta hadi kwa Daktari Olivera. Presha ilikuwa juu mpaka daktari akanipima mkono wa pili, akidhani mashine imeharibika. Akauliza nakula chumvi kiasi gani. Nikasema, ya kawaida. Nibia akatia mkono mfukoni mwa koti langu, akaimwaga mezani.

Daktari hakucheka. Akasema mtu mzima mwenye afya, asiye na presha, akiacha wanga anaweza kuongeza chumvi kidogo. Mimi nina presha, na kwa chakula hiki hata vidonge vyangu huenda vikabadilishwa. Nilipaswa kumwona kabla sijaanza. Kwa sasa nisizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na iliyomo ndani ya jibini na soseji ihesabiwe humo humo. Jumatano anipime tena.

Nje Nibia akalia. Akasema baba yake alianguka mbele ya jiko lile lile, koleo mkononi, na yeye hayuko tayari kuniokota mahali pale. Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Upepo ulikuwa mkali, macho yakaniwasha.

Jumapili, 19 Mei

Sikukuu! Nimekwenda na ndala na soksi. Wilmar alinipitishia mkate wa moto puani mchana kutwa. Nilimtazama kama mfalme anavyomtazama inzi. Sikugusa!

Mbavu, soseji, figo, vyote chini ya mkono wangu. Nikatia chumvi. Nikaonja kipande, nikaona kimepooza. Nikaongeza. Nikaonja tena. Bado. Nikaongeza kwa moyo mweupe.

Nyama ikafika mezani. Wakauma mara moja. Kisha klabu nzima ikakimbilia bomba. Mwenyekiti akaja, machozi yakimtoka, akaninyooshea mkono nimkabidhi koleo. Akampa Wilmar.

Nadhiri nimeitimiza, koleo nimenyang'anywa. Hakuna mtu katika mtaa huu aliyewahi kushindwa kwa heshima namna hiyo.

Jumanne, 21 Mei

Mgeni! Wilmar, peke yake, kofia mkononi, uso umemshuka. Akanong'ona kwamba mkate ameuacha tangu Jumapili. Eti mkanda wangu wa Jumatatu ile ulimuuma rohoni. Sasa kichwa kinamgonga, miguu inakaza, na wenzake wasijue. "Shemeji, wewe ndiye mwenye uzoefu. Chumvi nile kiasi gani?"

Mimi! Nimeulizwa mimi!

Nikamvutia kiti. Nikakohoa kidogo, kidaktari. Nibia akaita kutoka jikoni: nimwambie kaka yake aende kwa Olivera, basi. Nikamjibu ndiyo, mke wangu, hilo hilo ndilo ninalomwambia.

Kisha nikaenda kufunga mlango wa jikoni.