Daktari Kagonga Meza, Mimi Nikaitikia Karibu

Leo nimeadhirika, wenzangu wa kisomo cha watu wazima. Someni kimoyomoyo, na mwandiko mniwie radhi (mkono wenyewe unacheza ngoma bila kualikwa).

Mnanijua, mkunga wa Marui ni mimi. Asha, mwanao Sikudhani nilimpokea mimi. Tatu, mapacha wako Kulwa na Doto vilevile. Tangu mfungo uliopita mkono wa kulia unatetemeka, nami naufunika kanga. Asubuhi nikaaga naenda Mlandizi kununua chumvi. Uongo! Nikadandia lori la kijiji mpaka hospitali, Kibaha.

Daktari Eliapenda, kijana mpole, akaniambia niiweke mikono mapajani nitulie. Mkono ukaanza. Akatazama saa, akahesabu mitetemo, akaandika. Akanipa penseli nichore nyumba ya konokono. Nikachora njia ya siafu.

"Sasa bibi, kila nikigonga meza, inua mkono, uushushe."

Ngo!

"Karibu!"

"Siyo hodi, bibi. Inua mkono tu."

Ngo!

"Karibu, mwanangu!" (Mkunga akigongewa haulizi nani.)

Mara ya tatu mkono ukainuka umetulia, kama wa zamani. Jamani! Kwa furaha nikapaza sauti: "Karibuuuni!"

Mlango ukafunguka. Waliokaa benchi la nje walidhani muuguzi anawaita! Wakaingia wanne, mbele yao Mwanahawa binti Shomari wa kwetu, tumbo hili hapa. Mwezi ujao ni mimi wa kumzalisha. Kanga yangu iko kitini. Mkono umerudi pajani, unaruka kama kuku aliyechinjwa.

"Shikamoo, Bibi Mwanaidi. Si ulikwenda Mlandizi?"

"Marahaba. Chumvi ya Mlandizi imekwisha."

Wale watatu wakacheka mpaka wakashika ukuta. Mwanahawa hakucheka. Aliutazama mkono, akajishika tumbo.

"Bibi," akasema taratibu, "usinikasirikie. Mimi nitajifungulia hukuhuku hospitali."

"Utakuwa umefanya vizuri, mwanangu," nikamjibu. Nikavuta kanga, nikaufunika mkono (kana kwamba kuna ambaye hajauona).

Basi nanyi chekeni, nimewaruhusu. Ila mkipita kwangu, gongeni mlango. Hiyo karibu bado naiweza.