Tak ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Tak. Kimya. Tak-tak. Sauti iliyonilea. Nilikuwa nakaa chini ya meza ya maabara, nachora, na juu yangu kigunduzi cha Baba kikisema tak kila mwale wa gamma ulipokigonga. Baba hayupo tena. Kigunduzi kipo, rafu ya chini, vumbi tele. Leo Profesa, mkuu wetu hapa maabarani, katangaza: Ijumaa kinakwenda kwa watu wa vyuma chakavu, maana hakina kazi. Hakina kazi! Tutaona.

Jumanne, 4 Machi
Nina mpango. Tunapima kiini cha atomu kilichosisimka, yaani chenye nishati ya ziada, hukaa muda gani kabla hakijatulia. Mwale wa kwanza, kiini kikisisimka, unawasha saa; wa pili, kikitulia, unaizima. Kigunduzi kipya kitawasha, cha Baba kitazima. Kikishapata kazi, nani atakitupa? Bingwa, mwenzangu wa meza ya pili, mpenda sifa, akauliza kulikoni nanuka stoo. Nikamwambia ashike lake. Nimechomeka waya uleule wa Baba, mrefu, kijani kilichopauka. Tak! Nililia kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Maajabu! Kiini changu kinakawia nanosekunde hamsini, bilioni moja ndiyo sekunde, kuliko vitabu vyote visemavyo. Dunia nzima imekosea, Baba na mimi tumepatia. Nimempigia Mama. Akasema sawa mwanangu, lakini umekula?

Alhamisi, 6 Machi
Mkutano. Nilikwenda na grafu ya rangi tatu. Bingwa, asali tupu mdomoni, akauliza eti dada, huo waya wa kijani umeuzidi ule wa kigunduzi kipya kwa urefu gani. Nikajibu, kama mita kumi. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikakaa. Hata umeme husafiri, na mita kumi ni nanosekunde hamsini. Sikupima kiini. Nilipima waya! Walicheka hadi machozi. Profesa akasema Baba angecheka kuliko wote. Hilo ndilo lililoniuma. Ni kweli, angecheka, huku akinifutia ubao nianze upya.

Ijumaa, 7 Machi
Gari la vyuma chakavu limekuja, limekwenda. Limebeba kasha la kigunduzi na matofali mawili niliyotia ndani. Mpakiaji aliguna, akasema mashine za zamani zilikuwa mashine kweli. Nikaitikia kwa huzuni.
Chenyewe kiko nyuma ya kabati, kinasema tak. Somo nimelipata: waya mrefu ni balaa. Kwa hiyo nimekifungia mfupi kuliko wote, shibiri moja; ule wa kigunduzi kipya nimeuacha na mita zake. Matokeo ya kwanza: kiini kinatulia kabla hakijasisimka! Hakuna kitabu chenye habari hii. Nimeshamwomba Profesa aitishe mkutano.