Fremu Yangu na Masale ya Sifael

Jumatatu, 28 Novemba 1994

Nimetukanwa. Na si na mtu baki. Na mke wangu mwenyewe, chai ikiwa mezani!

Yuditha amesema Krismasi hii halali tena jikoni kwa Sifael. Kila Desemba tunafunga chumba chetu cha kupanga hapa Majengo, Moshi mjini, tunapanda Old Moshi na watoto, na kila Desemba mdogo wangu Sifael anatupokea kwa tabasamu pana, kisha anatutandikia mkeka kati ya mafiga na mbuzi. Yeye analala nyumba ya baba. Ndiyo desturi yetu Wachagga: kitinda mimba anarithi nyumba. Mimi kifungua mimba nikapewa kihamba cha pembeni yake, shamba la migomba, kahawa na hewa safi. Nyumba? Jijengee!

Yuditha amesema kama Krismasi itafika hana mlango wake mwenyewe wa kufunga, atachukua watoto wakale sikukuu kwa mama yake, kijijini Mamba. Na akienda, nisimtarajie upesi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Chai ikapoa.

Nimeamua. Najenga mwenyewe. Nyumba ya fremu ya mbao, vyumba viwili na sebule. Unaupigilia ukuta misumari ukiwa umelala chini, kisha unausimamisha. Kwisha! Matofali ni ya watu wenye muda wa kupoteza. Na fundi wa nini? Kabla sijapunguzwa kazini nilikaa meza moja na mhandisi wa majengo miaka mingi. Elimu huambukiza.

Jumatano, 30 Novemba

Mbao zimepatikana. Nimezifuata mwenyewe Sanya Juu, nikazipandisha Old Moshi kwenye lori la viazi. Paini, inchi mbili kwa nne, zinanukia vizuri. Muuzaji akaniuliza nitazikaushia wapi. Nikamwambia Krismasi haisubiri mtu akaushe mbao. Akasema mbao mbichi hupinda. Tangu biashara iwe huria, kila muuzaji anakuuzia kitu na ushauri juu yake, hata usipouomba!

Nikashuka mjini dukani kwa Kiran kununua misumari. Baba yake ndiye aliyemuuzia baba yangu misumari ya nyumba ile anayolala Sifael. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema ni mimi, Elifuraha. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa wodini. Kisha akachora ukuta kwenye karatasi ya kufungia misumari, na ndani yake akachora mbao ya mshazari, ile inayokatiza kutoka kona ya juu hadi kona ya chini. Alisema bila hiyo fremu hulala ubavu.

Nimemjibu kwamba kuta zangu si wazee, hazihitaji mkongojo. Mbao hizo za mshazari nitazitengenezea kabati la vyombo. Yuditha atafurahi.

Ijumaa, 2 Desemba

Leo nimepima msingi. Akili yangu imenishangaza hata mimi.

Kupiga kamba kunataka vigingi. Vigingi vinataka mbao. Nikate mbao zangu mpya nizichomeke kwenye udongo? Nimerogwa? Nikatazama huku na huku, nikaona masale ya mpaka wangu na Sifael, yamesimama wima, mengi, ya bure. Nikakata. Nikachonga ncha, nikayapigilia pande zote nne za nyumba yangu, majani yake ya juu yakiwa bado mabichi. Mstari umenyooka! Najua, najua, masale ni mimea ya mpaka, babu zetu walipanda hayo kugawana vihamba. Lakini kigingi ni kigingi.

Magreth, mke wa Sifael, alipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama. Akatazama kona moja hadi nyingine. Akautua mzigo palepale njiani, akarudi kwao mbio. Nadhani amekwenda kumwita mumewe aje ajifunze.

Jumamosi, 3 Desemba

Dunia ina watu!

Alfajiri nimegongewa kibanda cha kahawa ninamolala tangu nianze ujenzi. Sifael, na nyuma yake wazee wa ukoo, wakiongozwa na Mzee Aminieli ambaye sote tunamwita Meku, yaani babu. Nikawapa shikamoo. Meku akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anatazama vigingi.

Akauliza nani amepanda masale haya. Nikasema mimi. Akauliza masale ya mpaka wa zamani yamekwenda wapi. Nikasema si ndiyo hayo. Wazee wakaguna kwa pamoja, mguno mrefu, kama kanisani mchungaji anapotaja dhambi kwa jina.

Kisha Meku akatoa hukumu. Isale husema, alisema, na likishasema halihitaji mkalimani. Mtu akikizungushia kipande cha ardhi masale, ametangaza kwamba chake kinaishia hapo. Na mpaka wa zamani nimeukata kwa mkono wangu. Kwa hiyo shamba langu sasa ni sebule na vyumba viwili! Migomba yote, kahawa yote, mpaka kwenye mfereji wa maji, ni ya ukoo, na mwangalizi wa mali ya ukoo ni yule anayekaa nyumba ya baba.

Sifael, kwa sauti ya shemasi anayepitisha sadaka, akasema kama kaka ameamua kumwachia, yeye ni nani akatae.

Nani amemwachia nani?!

Meku alisema dawa ni moja. Nichukue jani la isale, nimpelekee Sifael kwa mkono wangu, nimwombe msamaha kwa kukata mpaka wa marehemu baba. Jani hilo halikataliwi. Baada ya hapo vigingi ving'olewe mbele ya mashahidi, mambo yaishe. Kifungua mimba nimwangukie kitinda mimba! Niliwaambia afadhali nilale jikoni. Wakaondoka. Baadaye nikakumbuka kwamba jikoni kwenyewe ni kwa Sifael.

Jumanne, 6 Desemba

Napigilia fremu peke yangu, zikiwa zimelala kati ya migomba ambayo inasemekana si yangu. Mbao zimeanza kupinda. Moja imejikunja mfano wa pembe ya mbuzi. Nimeipigilia hivyohivyo, mwenye nyumba ni mimi au ni mbao?

Mpango wangu ni huu. Nyumba ikishasimama, nani atazungumza habari za vigingi? Hakuna mzee atakayehukumu nyumba iliyosimama. Nimewaalika majirani wa kitongoji kizima waje Jumamosi kusimamisha kuta. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nimeagiza pipa zima. Sifael sikumwalika. Ajionee kupitia migomba.

Jumamosi, 10 Desemba

Nina hasira. Lakini naandika.

Watu walikuja, hilo siwezi kulikana. Desturi ni kazi kwanza, mbege baadaye. Mimi nikasema mtu mwenye kiu hanyanyui ukuta, nikawafungulia pipa asubuhi. Ukarimu! Kata ya kunywea ikazunguka. Ikazunguka tena. Wawili wakagombana nani mkubwa kwa rika anywe kwanza, ikabidi tusubiri mpaka wamalize kuhesabiana miaka ya tohara. Hatimaye tukanyanyua, kwa nyimbo. Ukuta wa kwanza ukasimama. Wa pili. Zote nne! Tukaunganisha kona. Nikaingia sebuleni kwangu, mbingu ikiwa dari, nikasimama pale nitakapoweka kiti changu. Sijapata kuwa na furaha namna ile.

Magreth, ambaye hakualikwa, akauliza kutoka ng'ambo ya mpaka kama nyumba ilikusudiwa kuegemea upande wao. Wivu!

Ndipo upepo ukashuka kutoka mlimani. Si upepo mkali, ule wa kawaida wa mchana. Fremu ikalia kidogo kwenye misumari. Kisha ikaanza kwenda ubavu, nzima nzima, taratibu, kama ng'ombe anayejilaza. Hakuna aliyeumia, maana ilimpa kila mtu nafasi ya kuondoka. Ikalala juu ya kahawa ya Sifael.

Na wale majirani zangu! Walikimbia wote kuokoa pipa. Walilibeba hadi barabarani, likiwa salama kabisa, ndipo wakarudi kuniuliza kama mimi ni mzima.

Misumari ya Kiran ni mibovu. Paini ya Sanya Juu ni mbovu. Upepo nao ulikuwa na lake.

Jumapili, 11 Desemba

Yuditha alipanda baada ya ibada kuja kuona nyumba yake. Alivaa kitenge kipya. Akasimama mbele ya lile rundo. Nikamweleza kuhusu misumari na upepo. Akaokota ubao wa mlango, ule niliouranda vizuri kwa ajili yake, akaufuta matope kwa kiganja, akauegemeza kwenye mgomba.

Akasema kesho atampelekea mama yake salamu kwamba wanakuja. Akashuka mjini kwa miguu, hakukubali nimsindikize.

Sijala. Magreth ameniletea mtori wa ndizi, nimeurudisha. Kisha nimekwenda kuuomba tena. Nimeogopa leo kuliko siku ile nilipopewa barua ya kupunguzwa kazi. Kazi hupatikana.

Jumatatu, 12 Desemba

Nimekwenda.

Nimechuma jani la isale, nimevuka kwa Sifael. Nilimkuta anakamua. Nikasimama na jani mkononi kama mwanafunzi aliyetumwa chaki, maneno yote niliyoyapanga yamepotea. Nikasema tu nimekata mpaka wa baba, nisamehe. Akaacha kukamua. Akafuta mikono kwenye suruali, akalipokea jani kwa mikono miwili.

Alisema hakutaka hata mgomba mmoja wangu. Alitaka tu siku moja kaka yake aje kwake akiwa na neno jingine zaidi ya lawama. Nyumba ya baba, alisema, hakuiomba, alizaliwa wa mwisho tu.

Nikalia. Kidogo. Ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yakamwagika yote, na Magreth akatoka akatugombeza wote wawili. Kunigombeza mimi, shemeji yake mkubwa! Hakuna heshima siku hizi.

Jumamosi, 17 Desemba

Vigingi vimeng'olewa, Meku akishuhudia. Sifael amepanda masale mapya mahali pa yale ya zamani. Kisha akaleta watu, wale wale majirani, safari hii wakavu kabisa, na pipa likafungiwa kwake mpaka jioni. Wakainyanyua fremu yangu, wakaiweka sawa kwa pimamaji, wakapigilia mbao za mshazari kila kona. Zilizotumika ni zile za kabati langu! Kuta wakaziziba kwa mabanzi ya mbao. Mabati Sifael aliyatoa kwenye banda lake la zamani.

Mimi nilisimamia. Yaani nilishikishwa kamba. Kaka shika hapa, kaka vuta, kaka usiachie. Mwenye nyumba! Nilitoa maelekezo mengi muhimu, na kila nilipomaliza kuyatoa wakafanya walivyokuwa wanafanya.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Mama mkwe amepanda kutoka Mamba yeye mwenyewe, kuhakikisha kama kweli binti yake ana mlango. Yuditha aliingia, akafunga mlango. Akaufungua, akatutazama tuliosimama nje, akaufunga tena. Tukasikia anacheka ndani peke yake. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tuoane, na nilitamani mlango ule usifunguke hata kesho.

Kisha ibada, mbuzi wa ndafu, mbege, hotuba. Meku alimsifu Sifael. Mama mkwe alimsifu Sifael. Hata Yuditha alimpelekea Sifael paja la kuku kwa mkono wake. Wazo la nyumba ya fremu lilikuwa la nani? Kamba ilishikwa na nani? Hakuna aliyetaja! Nikaongeza nyama kwa hasira.

Jumanne, 27 Desemba

Sijalala vizuri kwa furaha. Nimegundua jambo ambalo wazee wamelikalia miaka yote bila kulitumia.

Jani halikataliwi! Unakosea, unapeleka jani, unasamehewa, na watu wanakuja kukujengea nyumba bure. Sasa mbona tunangoja kukosea kwanza? Huo ndio uvivu unaoturudisha nyuma.

Nyumba yangu inahitaji baraza. Upande mzuri ni ule unaotazama kilele cha Kibo, na kwa bahati mbaya upande huo una mpaka wa Sifael karibu mno. Nimepima kwa macho. Baraza itavuka mpaka kidogo, labda hadi kwenye kahawa yake, si zaidi ya hapo. Mbao za mshazari hazitahitajika, baraza haina kuta. Yuditha sijamwambia, nataka imshangaze.

Majani nimeshayaandaa, yako ndani ya koti. La Sifael. La Meku. La Magreth, kwa ajili ya mdomo wake. La Kiran, ingawa yeye itabidi nimfafanulie. Mawili ya Yuditha. Nimechuma yote asubuhi hii kwenye masale mapya ya Sifael, na kwa kuwa nilikuwa na haraka nikayang'oa masale yenyewe na mizizi yake.