Mgogoni Hakuna Mgogoro

Jumatatu, 5 Mei

Sura ya kwanza imerudi tena. Dk. Rahma, msimamizi wangu wa utafiti, kanikabidhi kama mtu anayerudisha samaki aliyechina, ananuka. Mada yangu ni migogoro ya mipaka ya mashamba kijiji cha Mgogoni. Kijiji nilikichagua kwa jina lake. Kasema: "Bakar, umeandika kurasa zote hizi na sijaona tatizo. Nenda kalitafute."

Hafidh, ninayesoma naye, yake imepita zamani. Kwao Kiuyu tumbili wanamaliza muhogo. Watu wengine wana bahati.

Jumanne, 6 Mei

Nipo Mgogoni kwa shangazi yangu, Bi Mwanawema. Shamba lake limepakana na la Mzee Ishak. Kati yao mstari wa miti ya mibono tu, ndio mpaka. Nimemuuliza kama wamewahi kugombania mpaka. Kacheka mpaka kakaa chini. Mzee Ishak naye kasema muhogo wake ukipenya kwa shangazi, shangazi achimbe ale. Nikenda kwa sheha, mkuu wa kijiji. Kafikiri sana, akakumbuka ugomvi mmoja, wa jogoo. Waliogombana wameshafariki. Jogoo pia.

Kijiji cha ovyo kabisa kwa mtafiti.

Jumatano, 7 Mei

Baada ya sala ya alfajiri nimeing'oa mibono, nikaichomeka upya ndani ya shamba la shangazi. Mbono haufi, popote unashika. Sikuiba ardhi ya mtu. Nimesogeza. Elimu nayo inataka msukumo. Viganja vyote malengelenge. Simu nimeichaji, tayari kurekodi matusi.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuna aliyeona!

Ikabidi nimnong'oneze shangazi kwamba Mzee Ishak kamlia shamba. Kenda, katazama, kasema Ishak ana wajukuu wengi, mwache apate pa kupanda. Nusura nilie. Nikavuka upande wa pili, nikamwambia Mzee Ishak kwamba shangazi anamtangaza mwizi. Kaweka panga chini, kaingia ndani, kafunga mlango.

Magharibi shangazi kampelekea bakuli la mchuzi wa pweza, kama ilivyo desturi yake. Limerudi vilevile, kawa iliyolifunika haikufunuliwa. Shangazi naye hakula. Kakaa barazani, uso kauelekeza kwa jirani. Moyo uliniuma. Nikaingia ndani nikaandika kurasa mbili bila kunyanyua kichwa. Mchuzi niliumaliza mimi.

Ijumaa, 9 Mei

Shangazi kajitanda kanga, kenda mwenyewe kumuuliza Mzee Ishak kamkosea nini. Nilijua pale pale kwamba hilo ni baya kwa utafiti. Waliulizana nani kasema nini, na majibu yote yakawa Bakar. Wakaja pamoja. Nilikuwa nakula muhogo.

Mzee Ishak hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Kasema taratibu: "Mie sijaitwa mwizi tangu nizaliwe. Jana nimeswali, sijui hata nimesoma sura gani."

Shangazi kaviangalia viganja vyangu vya malengelenge, kajua nani kaisogeza mibono. Kanitia jembe mkononi. "Ulitaka tatizo, mwanangu. Basi ndilo hili. Irudishe mibono ilipokuwa, kisha ulime kwake, halafu kwangu."

Nimelima mpaka adhana ya Ijumaa, nikaswali, nikarudi kulima. Wao wamekaa kivulini, wanakula sinia moja. Sikuitwa.

Jumatatu, 12 Mei

Dk. Rahma kazisoma zile kurasa mbili mbele yangu. Kasema sasa tatizo linaonekana, hata uchungu wa yule mzee unamfikia msomaji. Nikavimba kichwa. Nikamtumia Hafidh ujumbe kumwambia tumbili ni jambo dogo. Kisha Dk. Rahma kasema Alhamisi atakwenda Mgogoni mwenyewe, azungumze na hao wanaogombana.

Nimeomba kubadili mada. Kakubali, ila kaniangalia kwa muda mrefu.

Mada mpya ni migogoro katika ndoa changa. Kaka yangu Jabir na shemeji Laila, wanaokaa Wesha, wameoana juzi juzi. Wanapendana, hawajawahi hata kununiana. Nimewapigia simu. Wamefurahi sana kusikia nakwenda kukaa nao.