Malalamiko Juu ya Waya Wangu wa Redio na Mashuka ya Mama Raudha

Gozbert Bashaija,
Karani wa Bohari (Mstaafu),
Nyumba ya pili kutoka karakana ya mageti,
Mtaa wa Bomba la Pili, Kiwalani,
Dar es Salaam.

Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa: Ndugu Mwishehe,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

YAH: KUHUJUMIWA KWA WAYA WANGU WA REDIO, NA KURA YA JUMAMOSI

Ndugu Mwenyekiti,

Kichwa cha habari hapo juu kingemtosha mtu mwepesi wa kuelewa. Kwa kuwa naiandikia ofisi yako, naomba nieleze kwa kirefu, tena polepole.

Nimepata habari kwamba Jumamosi hii saa nne asubuhi wakazi watakusanyika chini ya turubai lako kupiga kura kama waya wangu ushushwe au ubaki. Waya wenyewe ni wa shaba, mita thelathini. Unaanzia kwenye paa langu, unavuka uchochoro, unaishia kwenye nguzo ya chuma iliyo ukutani kwa Mama Raudha. Hauna umeme na haumdai mtu kitu. Kazi yake ni kunisaidia kushika redio za mbali za mawimbi ya kati, zile ambazo mchana huishia kwao, lakini jua likizama hupaa, hugonga anga na kushuka hapa Kiwalani zikitokea Uhindi, Uarabuni na kwingine ambako wewe hujawahi hata kupaota. Walioleta hoja ya kuushusha wanaijua redio kama mbuzi anavyojua bei ya mchicha.

Sasa nikueleze kinachonikosesha usingizi. Kuna mtu anaitwa Augustine, anakaa Mikocheni. Tulifanya kazi bohari moja miaka ishirini na sita. Tumezaliwa mwaka mmoja, na hatujawahi kukubaliana nani mkubwa, maana yeye mwezi aliozaliwa haujui, na wangu katekista aliuandika kwa kukisia. Naye ana ugonjwa huu huu wa redio. Mwaka juzi tuliwekeana ahadi mbele ya mashahidi: atakayetangulia kushika nchi arobaini, kila moja ikithibitishwa kwa kadi au barua kutoka kituo chenyewe, mwenzake atamwamkia shikamoo mpaka mmoja wetu azikwe. Leo Augustine ana nchi thelathini na tisa. Mimi nina thelathini na tisa.

Nakuomba ufumbe macho, Mwenyekiti. Nione nimesimama msibani, mbele ya wafanyakazi wenzetu wote wa zamani, nampa Augustine shikamoo, naye ananiitikia marahaba huku ananishika bega. Heri mnishushe mimi kaburini kuliko kuushusha waya huo.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Mama Raudha. Huyu ndiye anayefua mashuka ya gesti mbili za barabara ya juu. Mwishoni mwa Februari, bila hata hodi, alichukua waya wake wa kuanikia, wa chuma, uliojaa kutu, akaufunga kwenye ncha ya waya wangu pale nguzoni, kisha akauzungusha ua wake wote. Nilipomuuliza alinijibu, "Baba, si nimeona ushaufunga mwenyewe, mie nikaongezea tu." Ameongezea! Shaba niliyoichagua kwa mkono wangu kwa mafundi wa mota wa mtaa wa Gerezani, inaunganishwa na kitu alichookota kwenye kifusi! Miezi mitatu na nusu sasa chombo changu cha kitaalamu kinabeba mashuka ishirini na nne. Na kwa kuwa watu wa pwani hawalazi nguo nje, mashuka anayaanua kabla ya magharibi, lakini waya wake anauacha pale pale, umenishikilia kama kupe.

Utauliza, mbona tangu Februari nimetoka nchi thelathini na moja nikafika thelathini na tisa? Nilijua utauliza, kwa sababu ni swali la mtu asiyejua redio. Miaka miwili nzima nilikwama kwenye thelathini na moja. Nikaamua kuacha kula usiku, nikaanza kulalia ubavu wa kushoto mchana ili sikio la kulia lipate hewa, na nchi zikaanza kuingia, leo moja, wiki ijayo nyingine. Hiyo inaitwa nidhamu. Nimezipata nchi nane nikiwa nimebebeshwa mashuka ya watu wasiojulikana wamelala na nani. Ningekuwa huru, leo hii Augustine angekuwa ameshaniamkia mara mia.

Sahani ya pilau aliyoniletea siku ya Iddi niliipokea, nikaila yote. Pilau si hoja.

2. Nassibu, fundi wa kuchomelea mageti. Ndiye mwenye hoja ya kura. Anadai waya wangu unavuta radi. Mtu anashinda ameinamia cheche tangu asubuhi hadi saa tano usiku, halafu anaogopa waya uliotulia! Kila akigusa chuma, redio yangu inakoroma mithili ya mlevi. Tarehe 3 Mei, saa tatu kasoro dakika chache usiku, nilikuwa nimeshika sauti ya mwanamke anasoma habari kwa lugha nisiyoijua. Ilikuwa safi, nasikia hata akigeuza karatasi. Nikasubiri saa tatu igonge, maana hapo ndipo hutajwa jina la kituo, na bila jina hakuna kadi. Ikabaki dakika moja. Nassibu akaona huo ndio wakati wa kumalizia bawaba. Alipoacha, yule mama alikuwa ameshazama, na hadi leo sijui alikuwa nchi gani. Nililia, Mwenyekiti. Nina miaka sitini na nane, nililia na hedifoni masikioni, na kuliandika hili sioni aibu. Aibu ni ya mwenye bawaba.

3. Taa za bei poa na chaja za simu. Wewe hujui, lakini vitu hivi vinapiga kelele ambayo sikio haliipati ila redio inaipata. Nimezunguka mtaa mzima na redio yangu ndogo ya mkononi, nyumba hadi nyumba, naisogeza ukutani nasikiliza, naandika kwenye daftari. Kati ya nyumba hamsini na tatu, arobaini na moja zina makosa. Inayoongoza kwa ubaya ni taa ya baraza lako.

4. Uzushi. Kwa ajili ya utafiti huo huo, ambao mtaa wenye akili ungenishukuru, nimeitwa mchawi. Ati babu mmoja anazunguka usiku kwenye kuta za watu na kitu kinachozomea. Uchawi ulipochuja, nikawa jasusi. Ujasusi nao ukachuja, ikasemwa nasikiliza simu zao. Naomba uwatangazie Jumamosi kwamba hakuna simu ya mtaa huu inayostahili kusikilizwa. Mnavyoongea kwa sauti ile uchochoroni, nani ahangaike na mitambo?

Kisha kuna kijana Talha, anayecheza kamari za mpira. Huyu ameamua kwamba redio yangu inapata matokeo ya Ulaya kabla hayajafika kwenye simu. Kila Jumamosi ya ligi anagonga dirisha langu: "Mzee Gozi, nitonye basi, mkeka wangu umebaki timu moja tu!" Nikamwambia aende zake, akajua namficha. Wiki iliyofuata nikamtajia timu ili aniache nisikilize. Ikafungwa. Sasa ananidai mkeka, na kura yake Jumamosi iko kwa Nassibu.

5. Ndege. Zinapita juu ya waya wangu kila zinapotaka, bila taarifa, wakati Kipawa ipo hapo jirani na ina anga ya kutosha.

6. Umeme wenyewe. Hapa najua utashtuka, lakini fuatilia hesabu. Mashine ya Nassibu, taa zenu, chaja, friji za barafu, vyote vinakula umeme. Kwa hiyo adui si Nassibu wala taa, adui ni umeme. Usiku ule transfoma ilipolipuka, mtaa ukawa kimya kama ulivyoumbwa, mimi nilitoka barazani nikapaza sauti, "Asante Mungu, na ukae hivyo hivyo!" Niliambiwa sina utu, kwa sababu ya samaki wa watu walioharibika kwenye friji. Mimi usiku ule nilishika nchi mbili. Naomba mtu mmoja anitajie samaki aliyewahi kuutangaza mtaa huu nje ya mipaka.

7. Heshima. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linalouma. Tangu nilipomsema mwezi uliopita kuhusu waya wake, Mama Raudha, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, ameacha kuniamkia. Ananipita na "Za saa hizi" kana kwamba tumesoma wote. Hata siku ya pilau alisema "Iddi mubaraka" tu, akageuka. Sasa nijiulize: kama nyumbani kwangu mtoto wa juzi ananinyima shikamoo, nitakwenda na uso gani Mikocheni kuidai ya Augustine?

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako itekeleze mambo machache, yote yako ndani ya uwezo wa mhuri wako:

Kwanza, hoja ya Nassibu ifutwe kabla ya kikao na chai ya wajumbe isinywewe kwa ajili yake. Pili, Mama Raudha aamriwe kwa maandishi kuufungua waya wake ndani ya saa ishirini na nne, na awe ananiamkia kwa sauti inayosikika. Tatu, itungwe sheria ndogo kwamba mtaa mzima uzime umeme kuanzia saa mbili hadi saa saba usiku, mpaka nitakapofika nchi arobaini. Anayeogopa giza apewe kibatari. Nne, uwaandikie wenye uwanja wa ndege. Usiogope, nitakusaidia kuandika.

Ukitimiza haya, siku nitakayofika arobaini nitalitaja jina lako. Usipotimiza, nitalitaja pia.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mkeo, na mama mkwe wako mwenye goti. Msalimie pia mlinzi wa ofisi yako, ambaye ndiye pekee hapo anayezima taa mapema, ingawa ni kwa sababu ya usingizi. Nassibu usimsalimie.

Ndimi wako katika kulijenga taifa linalosikika mbali,

Gozbert Bashaija

TANBIHI, kwa mkono, Ijumaa alfajiri.

Mwenyekiti, barua hii nilimpa Tupokigwe wa steshenari anichapie. Nilimlipa achape kwa vidole. Amechapa na kwa mdomo. Kabla sijapata bahasha, habari zilikuwa zimeshafika kwa Mama Raudha.

Jana asubuhi alikuja mlangoni kwangu. Akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo baba. Naomba unisamehe, mie sikujua kama nakuharibia. Nishaufungua wote, na Jumamosi nitawaambia wakuache." Nilimtazama. Nilitaka aione hasira yangu vizuri, kwa hiyo sikuitikia. Akasubiri kidogo, akaondoka.

Usiku nilikaa mezani saa mbili kamili. Nassibu alikuwa amefunga mapema. Saa tatu umeme ukakatika, taa zote zikafa pamoja na ya baraza lako. Ndege hata moja haikupita. Ule ndio usiku niliouomba kwa Mungu miaka yote. Nikazungusha redio mwanzo hadi mwisho, taratibu, mara nne. Uhindi hakuna. Uarabuni hakuna. Nilipata kituo kimoja cha hapa hapa nchini, tena kwa mbali, kinatangaza mbegu za alizeti.

Nikatoka kuukagua waya, mzima. Nikabadili betri. Nikalala kwa ubavu wa kushoto nusu saa nzima gizani. Saa nane nikafungua daftari kwa tochi. Nchi ya thelathini na mbili nimeiandika tarehe 28 Februari. Mama Raudha alifunga waya wake tarehe 27. Najua, kwa sababu siku hiyo hiyo nilianza kuyaandika makosa yake kurasa za nyuma. Nimezisoma kurasa za mbele na za nyuma mpaka tochi ikafifia. Alfajiri hii nimekwenda kwa miguu kandokando ya ua wa Mama Raudha, nikapima pale waya wake ulipokuwa umepita. Hatua tisini. Shaba yangu yote ni mita thelathini. Zile nchi nane, Mwenyekiti, zilikuwa zinaingia kupitia kamba ya mashuka.

Waya wenyewe ameshaufunga upande wa pili, kwenye mparachichi wa jirani, na tayari una mashuka. Augustine naye ameniandikia kwenye simu kwamba anasubiri barua moja tu ya uthibitisho.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi namba saba nayafuta. Nassibu achomelee. Taa ziwake. Naomba jambo moja, kabla ya Jumamosi, ikiwezekana leo: nenda kwa Mama Raudha, umwombe arudishe waya wake pale pale nguzoni, na kutu yake yote, aanike gesti hata tatu. Mimi siwezi kwenda, nimeona haya. Ile shikamoo yake ya jana ambayo sikuiitikia, mpelekee marahaba yake.

Akikataa, mwambie nimesema shikamoo.

G.B.