Wavivu Namba Moja wa Skarnsea

Mhariri aliteremsha kioo cha gari, akatoa kichwa na gazeti kwa pamoja, akatangaza, "Jamani, tumeshinda!"

"Tumeshinda nini?" akauliza Meja kutoka gari la tatu.

"Uvivu. Nchi nzima. Skarnsea namba moja."

Magari manne yalikuwa yameegeshwa kama kawaida juu ya jabali, pua zote zimeelekea Bahari ya Kaskazini, ambayo siku hiyo ya Oktoba ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Kijiwe chao ndicho hicho. Kila siku baada ya chakula cha mchana, mvua inyeshe isinyeshe, kila mtu na gari lake, kila mtu na chupa yake ya chai, na hashuki mtu. Ukitaka kuongea unateremsha kioo. Ukichoshwa na maneno ya mwenzio unapandisha.

Mhariri alikuwa Trevor Ackroyd, mtu ambaye habari haikuwahi kulala tumboni mwake. Meja, yaani Malcolm Garbutt, jeshi alilijua kwa kuliona kwenye televisheni tu. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha biskuti, lakini alikuwa na sauti ya kupanga vikosi. Katikati yao alikaa Glenys, mpishi mstaafu wa shule, ambaye wote walimwita Bi Supu. Na gari la mwisho, kando ya uzio, lilikuwa la Ronnie Sowerby, fundi bomba mstaafu. Yeye jina lake lilikuwa Darubini, kwa kuwa hakuna meli iliyopita asiitolee taarifa, aulizwe asiulizwe.

"Hebu soma vizuri," akasema Bi Supu. "Usitie chumvi zako."

Mhariri akakohoa kidogo. "Utafiti kuhusu namna Waingereza wanavyotumia muda wao wa mapumziko. Wastaafu wa Skarnsea ndio wanaoongoza kwa kukaa kitako. Wengi wao, anasema mtafiti, huendesha gari mpaka baharini, kisha hawashuki."

"Kwani kushuka kuna nini?" Bi Supu akashangaa. "Bahari si ndiyo ile? Naiona."

"Na picha wametoa. Sisi hawa hawa, tumepigwa kwa nyuma. Kuna kipara hapa kinang'aa kama sahani."

"Hicho si kipara," Meja akasema. "Ni mwanga wa jua."

"Jua la Skarnsea? Mwezi wa kumi?"

"Huyo mtafiti mwenyewe mzushi! Mimi mvivu? Mimi nina bustani!"

"Bustani!" Mhariri akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Meja, wewe unakwenda duka la maua, unazunguka, unanusa mishumaa, unakunywa chai na keki, halafu unarudi nyumbani na kadi ya siku ya kuzaliwa ya mtu usiyempenda. Hilo jembe lako lina buibui."

"Na Jumapili?"

"Jumapili unakwenda dampo."

"Dampo ni matembezi! Nakutana na watu, tunapeana mawazo. Wewe je, unayejaza mafumbo ya maneno ya gazeti, ukikwama unayamalizia kwa neno la kwako?"

"Lugha inakua, Meja."

Bi Supu alikuwa akichovya biskuti kwenye chai. "Mimi starehe yangu haina kificho. Naangalia watu kwenye televisheni wakitafuta nyumba ya kununua Hispania."

"Unataka kununua?"

"Ninunue ya nini? Nawakosoa. Juzi kuna mjinga mmoja kakataa nyumba kwa sababu bwawa dogo. Nilimtukana mpaka chakula kikaungua."

"Mnaona?" Mhariri akakunja gazeti. "Starehe ya Mwingereza ni moja tu, kulalamika. Hayo mengine yote ni mahali pa kukalia wakati unalalamika."

Wakacheka, isipokuwa mmoja. Nje huko meli ndefu ya mizigo ilikuwa ikikatiza polepole, na kutoka gari la mwisho halikutoka neno.

"Darubini," Bi Supu akaita. "Meli hiyo inapita, na wewe kimya. Unaumwa?"

Ronnie Sowerby alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeko barabara kuu. "Trevor," akasema taratibu, "hiyo picha. Namba ya gari langu inasomeka?"

"Inasomeka kama tangazo la sabuni."

"Basi nimekwisha."

Hapo vioo vyote vikashuka mpaka chini. Darubini akawaeleza, macho yake kwenye maji. Tangu mkewe Brenda afariki, binti yake Joanne aliyeko Leeds alikuwa akimpigia simu kila jioni. Baba umekula nini? Baba leo umeonana na nani? Baba umefanya nini cha maana? Siku moja, kwa kuchoka kujibu "nilikaa tu", akamwambia kwamba amejiunga na klabu ya kuogelea baharini.

"Klabu gani?" Meja akauliza.

"Hii."

"Hii ipi?"

"Si nyie."

Bi Supu akapasuka kwa kicheko, makombo yakaruka mpaka kwenye kioo cha mbele. "Ronnie! Kamba ya uongo ndefu hivyo, umeifunga wapi?"

"Nilimwambia Meja ndiye mwenyekiti."

Meja akarekebisha kola. "Mwenyekiti? Mbona hukuniambia mapema? Ningeitisha mkutano."

"Glenys mhazini. Trevor anaogelea chali."

"Chali naweza," Mhariri akakiri. "Shida ni kuogelea."

Lakini Darubini hakucheka. "Joanne ameshapaka rangi chumba pale kwake. Anasema, kama kazi yangu ni kukaa tu, bora nikae mahali anaponiona. Dirisha lenyewe linatazamana na ukuta wa jirani. Nitauambia nini ukuta? Na msidhani ni mtoto mbaya. Mtoto mzuri mno, ndiyo maana siwezi kumkatalia akija na ushahidi mkononi. Na gazeti ameliona. Amenipigia: Baba, nakuja leo, nataka kuiona hiyo klabu."

"Leo lini?"

"Leo hii. Yuko njiani."

Mvua ikaanza manyunyu. Mhariri akalitazama gazeti kama ndilo lenye kosa. Bi Supu akafunga chupa yake ya chai.

"Klabu," Meja akasema kwa sauti yake ya kupanga vikosi, "tunaingia majini."

"Wewe umedata," Bi Supu akasema. "Mimi maji ya kuoga ninayo bafuni, na yanatoka moto."

"Mtu wetu anapelekwa Leeds, Glenys!"

"Nguo za kuogelea ziko wapi?"

"Nimevaa suruali ya ndani ya sufi, ndefu mpaka kwenye vifundo. Serikali haiwezi kunishtaki."

"Tutakufa kwa baridi," Mhariri akasema. "Halafu nani ataandika?"

"Acheni," Darubini akasema. "Acheni tu. Kamba niliisokota mwenyewe."

Lakini mlango wa gari la pili ulikuwa umeshafunguka. Bi Supu alishuka, mguu mmoja, kisha wa pili, akatoa kwenye droo ya gari kofia ya plastiki ya kuogea aliyoichukua hotelini Blackpool, akaivaa juu ya mvi zake zilizosetiwa vizuri. "Nywele hizi nimezitengeneza jana," akasema. "Ronnie, ujue nakupenda."

Wakashuka wote. Hapo ndipo walipopata mshtuko wa kwanza, kwa sababu kwa miaka yote hiyo walikuwa hawajawahi kuonana chini ya kifua.

"Trevor!" Meja akapiga kelele. "Kumbe wewe mfupi!"

"Ni gari langu lina kiti kirefu. Na wewe mbona unachechemea?"

"Goti."

"Hukuwahi kutuambia una goti."

"Hamkuwahi kuuliza."

Waliteremka ngazi za saruji wakishikana mikono, si kwa mapenzi bali kwa sababu utelezi ulikuwa mkali. Ufukweni wakavua makoti na viatu, wanaume na suruali zao, wakavipanga vizuri juu ya jiwe kama watu wanaokwenda kulala. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akapita mbele yao. Aliwaona: Meja na sufi yake, Bi Supu na plastiki kichwani, Mhariri aliyebaki na shati, tai na soksi. Mwanamke akatabasamu kwa adabu. "Hali ya hewa leo afadhali kidogo," akasema, akaendelea na safari.

"Afadhali sana," wote wanne wakaitikia.

Darubini akatangulia. Maji yalimng'ata vifundo, yakamng'ata magoti, na yalipofika kiunoni akasahau kwa muda jina lake na la mwanawe. Nyuma yake Meja alitoa sauti nyembamba ambayo haijawahi kusikika katika jeshi lolote.

"Songa mbele, mwenyekiti!"

"Nasonga! Miguu ndiyo imebaki!"

"Usinishike shati, Meja, nitaanguka!"

"Nakushika kwa sababu nimeshaanguka!"

Wimbi likaja, si kubwa, la kawaida tu, likawabeba Meja na Mhariri na kuwaketisha pamoja mchangani kama watoto waliogombana. Bi Supu alijaribu kuwainua, akacheka, akaishiwa nguvu, akaketi naye. Walibaki pale maji yakiwapiga mbavuni, wakitukana bahari, mtafiti, gazeti na serikali, kila mtu kwa zamu. Darubini aliwatazama. Akasikia kicheko kinatoka, kikubwa, cha kukwaruza, akageuka kuona ni nani anayecheka hivyo. Kumbe yeye. Tangu Brenda aende alikuwa bado hajakisikia.

"Huyo mwanao yuko wapi?" Meja akauliza, meno yakigongana. "Mimi nageuka barafu ya samaki."

Wakatazama ngazi. Hapakuwa na mtu. Wakangoja mpaka midomo ya Mhariri ikawa ya zambarau, ndipo Bi Supu, kama mhazini, akaufunga mkutano.

Walipofika juu, wakihema na kutiririka, waliona magari matano.

La tano, la bluu, lilikuwa ubavuni mwa gari la Darubini, pua yake imeelekea baharini kama mengine. Hita ilikuwa inanguruma. Ndani yake mwanamke wa makamo alikuwa amelaza kiti nyuma, amevua viatu, miguu juu ya dashibodi, mkononi kikombe cha karatasi cha kahawa.

Darubini akagonga kioo. Kikashuka kidogo, upana wa kidole.

"Joanne! Umefika muda gani?"

"Kitambo, Baba. Niliwaona mkishuka ngazi."

"Sasa mbona hukuja chini?"

"Nilitaka kuja." Akatazama mbele, manyunyu yakiteleza kwenye kioo. "Nikasema nipumzike kidogo kwanza. Kazini simu, nyumbani watoto, njiani malori. Hapa hakuna anayenitaka kitu. Halafu nje kuna baridi."

Darubini alisimama akitetemeka, maji yakimtoka mikononi. Angeweza kuiacha kamba ikaendelea. Binti yake alikuwa amemwona kwa macho yake mwenyewe akiingia baharini, ushahidi gani tena? Lakini alimtazama usoni, akaona jinsi alivyochoka.

"Joanne, mwanangu, hatuogelei. Ni leo tu. Nilikudanganya."

"Najua, Baba. Wanaoogelea kila siku hawaingii majini na tai."

"Sisi huwa tunakaa tu. Kama gazeti lilivyosema."

"Mnakaa mnafanya nini?"

"Tunaongea."

"Mnamwongelea nani?"

"Sasa hivi tunakuongelea wewe, mpenzi!" Meja akapaza sauti kutoka gari la tatu, amejifunika blanketi la mbwa mpaka shingoni. "Teremsha kioo chote, hatukusikii!"

Joanne akasita, kisha akakiteremsha chote.

"Baba, nenda nyumbani ukabadilishe nguo kabla hujapata homa ya mapafu," akasema. "Tangulia, nakuja sasa hivi. Tuna mazungumzo, mimi na wewe, kuhusu kile chumba."

Darubini akaenda, moyo mzito. Akaoga maji moto, akavaa sweta mbili, akaweka maji ya chai jikoni na vikombe viwili mezani. Akajipanga maneno ya kusema. Akayapanga upya. Maji yakachemka, yakapoa, akachemsha mengine. Joanne hakutokea. Mwishowe hofu ikamshika kwamba binti yake amekasirika na kurudi zake Leeds bila kuaga, akachukua funguo, akaendesha mpaka juu ya jabali.

Magari manne yalikuwa palepale, yamemwachia nafasi yake. Vioo vyote vilikuwa chini na mvua ilikuwa inaingia bila mtu kujali. Mhariri, sasa amevaa koti la mvua peke yake, alikuwa anapigapiga gazeti. Bi Supu alikuwa anampitishia Joanne nusu ya sandwichi ya yai kupitia dirishani. Na Joanne alikuwa ametoa nusu ya mwili nje, mashavu mekundu, mdomo umejaa, kidole kimemwelekea Meja.

Darubini akaegesha, akateremsha kioo. "Joanne," akaanza. "Kuhusu kile chumba cha Leeds..."

"Baba, subiri kwanza!" Joanne akamkata bila hata kugeuka. "Huyu Meja wenu anasema eti yule aliyekataa nyumba kwa sababu ya bwawa dogo alikuwa na haki!"